Mkono wa Kushoto wa Verlon

Royce Kimbrell alikula sahani mbili siku tuliyomzika kaka yangu. Nianze na hilo, maana ndilo linalonikaba mpaka leo. Tulikuwa ukumbi wa chini wa kanisa, udongo wa makaburini bado uko kwenye viatu, na yeye yuko mezani anajipakulia paja la nguruwe nililolioka mimi mwenyewe tangu alfajiri. Alipomaliza akajifuta mdomo, akamfuata wifi yangu Ardith pale alipokaa, akamshika bega.

"Verlon alikuwa mtu mwema, mama," akamwambia. "Ni uzee tu. Mikono ilishaanza kumkataa."

Ardith akamshukuru kwa kuja. Ndivyo tulivyolelewa huku milimani Arkansas: hata aliyekutemea mate unamwuliza kama atakunywa kahawa. Lakini nilikuwa nimekaa naye ubavu kwa ubavu, nikasikia pumzi yake ilivyobadilika. Royce alipokwenda kuongeza viazi, wifi yangu alinigeukia akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Vonda, nataka unifundishe kupiga bastola."

Mwanamke mwenyewe dereva wa basi la shule, nywele zimeshakuwa mvi, na bastola alikuwa akiigusa pale tu anapofuta vumbi kabatini. Nikamwuliza kwa nini. Akasema anataka kumshinda Royce mbele za watu, palepale alipomvunjia mumewe heshima, kisha amfanye jambo ambalo hatalisahau. Jambo gani, alikuwa bado hajalijua.

Nikueleze Royce alimfanya nini kaka yangu, usije ukasema wanawake hawa wana roho mbaya bure. Roho mbaya tunayo, lakini si ya bure.

Kiwanja cha klabu yetu Verlon ndiye aliyekijenga. Yale matuta ya udongo yanayomeza risasi aliyasukuma kwa trekta lake, kiangazi kizima, bila kudai hata mafuta. Mchezo wetu ni huu: mmoja mmoja tunaingia na bastola kiunoni, mashine ya kupima muda inalia, unachomoa, unakimbia baina ya kuta za mbao ukipiga shabaha za karatasi na za chuma, unabadilisha magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ukiwa njiani, na mwisho wanahesabu umepiga wapi na umetumia muda gani. Nyuma yako anakufuata mwamuzi ameshika ile mashine ya mlio. Sheria ni nyingi, ila mama yao ni moja: mdomo wa bastola utazame tuta muda wote. Chora mstari kichwani, ukatize uwanja pale uliposimama. Mdomo ukiuvuka mstari huo ukaanza kutazama nyuma walikokaa watu, siku yako imekwisha. Unafunga virago, unakwenda nyumbani, na neno la mwamuzi kwetu halina rufaa.

Siku ya mashindano makubwa ya mwaka, Verlon alikuwa anaongoza. Royce alikuwa wa pili, na kwa kuwa tunapokezana uamuzi, ndiye aliyeshika mashine kwenye zamu ya mwisho ya Verlon. Kaka yangu alikuwa anakimbia kutoka kulia kwenda kushoto, anabadilisha magazini, tukasikia Royce anapaza sauti, "Simama." Akasema amevuka mstari. Hakuna mwingine aliyekuwa mahali pa kuona, kuta za mbao zilituziba wote.

Kumfukuza mtu ni jambo la kawaida, limewapata wengi. Lakini Royce hakuishia hapo. Alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye magari, "Pakia vitu vyako, mzee. Jikoni wanahitaji mtu wa kugeuza soseji." Watu wakacheka. Na kaka yangu, kwa sababu ndiye aliyetufundisha sote kwamba mwamuzi habishiwi, akapakia vitu vyake, akaenda kweli jikoni, akageuza soseji mpaka mashindano yakaisha. Hakutaka aonekane amenuna. Royce akachukua ubingwa, na mwaka uliofuata akachukua na uenyekiti. Watu wakaanza kukwepa kupangwa kundi moja na Verlon, wanasema ni mtu wa hatari, bastola inamzunguka. Akaacha kuja. Baridi ilipoingia, alikutwa ameinamia usukani wa trekta. Daktari alisema moyo. Mimi nasema Royce.

Basi nikaanza kumfundisha wifi yangu. Mkasa wa kwanza ulikuwa mkanda. Verlon alikuwa wa mkono wa kushoto, ala ya bastola yake inakaa nyonga ya kushoto, na Ardith tangu kuzaliwa kwake anaandikia mkono wa kulia. Nikamwambia tununue ala nyingine. Akakataa. Nikamwambia, wifi, utapiga mbwa wa jirani. Akasema atavaa mkanda wa mumewe kama mumewe alivyouvaa, au havai kabisa. Tulizozana mpaka nikachoka. Nikajiambia kwamba mtu asiyejua kitu mkono wowote kwake ni mjinga, acha afundishe huo anaoutaka.

Siku za mwanzo zilikuwa balaa. Mashine ikilia, Ardith anainyakua bastola kwa hasira kana kwamba anamkaba Royce shingoni. Ala inang'ang'ania, bega linapanda, risasi inakwenda kuchimba udongo miguuni pa shabaha. Nikimwambia apunguze, anazidisha. Alikuwa na haraka mwili mzima lakini muda wake ulikuwa mbovu kuliko wa kasisi wetu, ambaye anapiga huku anafumba macho yote mawili.

"Haraka haraka haina baraka," nikamwambia.

"Royce ana haraka, na baraka zote kazibeba yeye," akanijibu.

Lakini kesho yake nilipanda basi lake la shule, maana gari langu lilikuwa gereji, nikakaa nyuma ya kiti chake. Kikombe chake cha kahawa kilikuwa juu ya dashibodi, hakina mfuniko, kimejaa. Tulishuka vilima, tukapinda kona za mtoni, watoto wamesimama wanapigana kofia, na ile kahawa haikumwagika. Na hakuwa anakwenda polepole, tulifika shule kabla ya kengele. Nilimwambia palepale mlangoni, kwamba jinsi anavyoikanyaga ile breki ndivyo nataka avute kifyatuo cha bastola. Nadhani ndiyo siku aliyoelewa.

Kuanzia hapo alihamia jikoni kwake kila asubuhi kabla ya zamu ya basi, bastola tupu, risasi zote zimefungiwa chumba kingine. Anasimamisha ganda la risasi juu ya kilengeo cha mbele, anavuta kifyatuo, na ganda lisianguke. Likianguka anaanza upya. Kisha kuchomoa: mkono ushuke kwenye mpini bila kupapasa, bastola ipande wima, mikono ikutane kifuani, isonge mbele kwa mstari mmoja, na kidole kiwe kinaanza kazi macho yanapoona kilengeo. Alifanya taratibu mpaka ikaacha kuwa na vituo. Ndipo tukaanza kubana muda, kidogo kidogo. Watu wengi hudhani muda unapotea mkononi. Unapotea kwenye kusitasita, pale mkono umemaliza jambo moja na kichwa bado hakijaamua la pili. Ardith aliziziba hizo nyufa moja baada ya nyingine. Hasira haikumtoka hata chembe, nakuapia. Aliikunja tu, akaiweka mahali isipomtikisa mkono.

Sasa sikia hili. Siku moja tulikuwa kiwanjani wawili tu, anafanya mazoezi ya kukimbia na kubadilisha magazini. Nikamwambia sasa kimbia kutoka kulia kwenda kushoto, na angalia sana, hapo ndipo watu wengi hufukuzwa, hapo ndipo mumeo alipoponzwa. Akakimbia. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikahisi kitu hakiko sawa, lakini sikukijua ni kitu gani.

Ardith akasimama. "Vonda, hebu fanya wewe."

Mimi ni wa mkono wa kulia kama karibu klabu nzima. Nikatoa bastola yangu, tupu, nikakimbia kushoto nikijifanya nabadilisha magazini, na bila kutaka mdomo ukaanza kuvutwa kwenda nyuma, nikaurudisha kwa nguvu. Ndivyo ilivyo: mtu wa kulia akikimbilia kushoto na kuinamisha bastola apokee magazini, mkono wenyewe unataka kumpeleka nje ya mstari. Tunapigana nao kila mara. Lakini mtu wa kushoto mkono wake unainama upande wa pili. Ardith akafanya tena, mbele yangu, taratibu kabisa. Mdomo wa bastola ulitazama tuta mwanzo mpaka mwisho, hata alipolegeza mkono makusudi.

Tulikaa chini kwenye nyasi. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaniwasha. Miaka yote hiyo nilidhani kaka yangu aliteleza kweli, na Royce alikosa adabu tu. Kumbe Royce aliona anashindwa, akaokota kosa ambalo watu wa mkono wa kulia hulifanya pale, akamvisha Verlon, akasahau Verlon anatumia mkono gani. Na sisi sote tukasahau naye. Verlon mwenyewe lazima alijua. Alijua, na akaenda kugeuza soseji.

Nilitaka twende nyumbani kwa Royce saa ileile. Ardith akakataa. Alisema akiambiwa mlangoni pake atacheka, atasema wajane wana maneno. Ndipo akaniuliza, ile desturi ya kazi ya mshindi bado ipo?

Ipo. Mashindano ya mwaka yakimalizika, tunafanya mchezo wa vyuma. Watu wawili bega kwa bega, kila mmoja ana safu yake ya sahani za chuma. Unaangusha zako, unabadilisha magazini, unapiga chuma kirefu cha mwisho. Vile virefu viwili vinaangukiana katikati, kimoja juu ya kingine, na cha chini ndicho cha mshindi, hapo hapana ubishi. Bingwa wa siku husimama, na yeyote anayetaka humkabili. Aliyeshindwa hupewa kazi moja na mshindi, mbele ya watu wote, na akikataa hapigi risasi kwetu mwaka mzima. Royce aliipenda mno desturi hiyo. Aliwahi kumfanya kasisi apige amekalia boksi la barafu, akamfanya jamaa mmoja mnene aimbe huku anajaza risasi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Siku ikafika. Royce akafungua mashindano kwa hotuba yake ileile ya kila mwaka, vidole gumba kwenye mkanda: "Bastola tupu, bastola iliyojaa, sheria ni moja. Mdomo ukivuka mstari unakwenda nyumbani, hata uwe mama yangu mzazi." Ardith alikuwa mbele kabisa, anatikisa kichwa kukubali.

Kwenye mashindano yenyewe wifi yangu alikuwa wa katikati tu, nisikudanganye. Royce akashinda kama kawaida. Akaingia kwenye vyuma, akawapukutisha mmoja mmoja, anawapa kazi zake za kipuuzi, watu wanacheka. Mzee Hoyt Satterfield ndiye aliyekuwa mwamuzi, mtu mkavu, ameshika mashine. Royce akauliza nani mwingine. Ardith akasogea na mkanda wa Verlon kiunoni.

"Mama Ardith," Royce akasema, "nikupe sahani mbili za bure?"

"Hapana," akasema. "Nipe ulichompa Verlon."

Royce akacheka, lakini niliona jicho lake limeshuka likaitazama ile ala upande wa kushoto.

Mashine ikalia. Royce alikuwa mwepesi, simnyimi. Bastola yake ilitoka kwanza na sahani yake ilianguka kwanza. Ardith hata hakuonekana kama anashindana. Sahani, sahani, sahani, mlio mmoja ukifuata mwingine bila pengo, kama mtu anayegonga misumari ya paa aliyoizoea. Na hapo Royce akafanya kosa tunalomwonya kila mgeni: aligeuza jicho kutazama sahani za mwenzake. Mara moja tu. Risasi yake ikapita pembeni, akaiacha ile sahani akidhani imeanguka, akafika kwenye magazini ndipo akaiona imesimama. Akarudi kuipiga. Ardith alikuwa ameshabadilisha. Vile vyuma virefu vikaangukiana, na cha chini kilikuwa chake.

Watu wakapiga makofi. Royce akatoa mkono, akasema hongera, haya nipe kazi, niimbe au nicheze? Ardith akamwacha mkono ukiwa hewani.

"Shika bastola kwa mkono wa kushoto, tupu," akasema. "Kimbia kutoka kulia kwenda kushoto, badilisha magazini. Tuonyeshe Verlon alivyovuka mstari."

Makofi yakafa. Royce akasema hiyo si kazi, ni mambo ya kale, marehemu aachwe apumzike. Hoyt akamwambia kazi ni kazi. Akaikagua bastola, akakagua na magazini, akatangaza ni tupu zote. Royce akatutazama, watu wote wako nyuma yake kwenye mabenchi, hakuna ukuta wa mbao wa kumficha safari hii. Akakimbia.

Mdomo wa bastola ulitazama tuta.

"Sijaona kitu," kasisi akasema, kwa upole tu.

Royce akarudi kulia, akakimbia tena, kwa kasi zaidi. Tuta. Sasa shingo ilikuwa imemwiva. Nadhani ndipo yeye mwenyewe alipoelewa alichokisema siku ile, na kwamba kila mwenye macho pale alikuwa anaelewa pamoja naye.

"Ulikuwa nyuma yake, Royce," Ardith akamwambia. "Ulisema umeona kwa macho yako. Tuonyeshe ulichoona."

Angenyamaza hapo, angebaki mwongo tu. Lakini kichwa kile kikubwa. Alikimbia mara ya tatu, na katikati ya njia akainua kiwiko kama bawa la kuku, akasokota kifundo cha mkono mpaka sura ikakunjamana kwa maumivu, mdomo wa bastola ukavuka mstari na kututazama sote mabenchini. "Hivi," akasema. "Alifanya hivi."

"Simama," akasema Hoyt.

Royce akaduwaa. Akasema ni tupu, Hoyt, umeikagua mwenyewe.

"Bastola tupu, bastola iliyojaa," Hoyt akamjibu. "Maneno yako, mwenyekiti. Umefukuzwa."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanautazama ule mkono uliokuwa bado umejikunja, na mmoja mmoja wakawa wanakumbuka jinsi Verlon alivyokuwa akishika bastola, mkono umetulia. Jamaa yule mnene akavua kofia. Royce akatafuta uso wa kumwunga mkono, asiupate. Ardith akamsogelea karibu, karibu kabisa, akayasema polepole ili kila neno lifike.

"Pakia vitu vyako, mzee. Jikoni wanahitaji mtu wa kugeuza soseji."

Hakwenda jikoni. Alikwenda kwenye pikapu yake, akaondoka na vumbi, na uenyekiti aliuacha kwa simu. Watu huniuliza kanisani kama nimemsamehe. Najibu kwamba Mungu ana kazi zake na mimi nina zangu. Siku ile njiani nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikawa namwigiza Royce na bawa lake la kuku, napiga dashibodi kwa furaha. Namchukia mpaka leo, na kumkumbuka alivyosimama pale kunanipa usingizi mzuri.

Ardith alikuwa anaendesha, macho barabarani. Kikombe cha kahawa juu ya dashibodi kilikuwa kimetulia. Nikamwuliza, wifi, mbona hufurahi, si ndicho ulichokitaka?

Akasema amefurahi. Akasema amengojea uso ule wa Royce kwa hamu kuliko alivyowahi kungojea kitu chochote. Tukapinda kona ya mtoni.

"Lakini Vonda, umeona zile soseji?" akasema. "Wote tulikuja kutazama, hakubaki mtu jikoni. Zimeungua zote." Akakanyaga breki kwa nguvu, mara ya kwanza tangu nimjue, kahawa ikatumwagikia magotini. "Verlon asingeziacha ziungue."

Akaegesha pembeni ya barabara akalia, na mkanda wa Verlon bado ulikuwa kiunoni mwake.